Mshona magunia na mtoto aliyepewa dawa

Saa moja asubuhi, kwenye ghala la korosho jirani na Bandari ya Mtwara, Bwanaheri Chilumba amekalia gunia lililojaa, anashona jingine lililopasuka ubavuni. Sindano yake ni ndefu kama kidole cha kati na imepinda nchani. Anaichoma, anavuta uzi wa katani, anakaza, anachoma tena. Midomo yake haitulii.

"Tabia ya mhusika. Ushahidi. Tabia ya mhusika. Ushahidi," anajisemea.

Mpakiaji mwenzake, Zuberi, anapita na gunia begani na kupunguza mwendo.

"Leo umemshika nani huko kwenye kitabu chako?"

"Yule yule."

"Bado hujamhukumu tu?"

"Bado."

Anayesubiri hukumu ni Mzee Mbaruku, mtu ambaye hajawahi kuishi. Ni baba katika tamthilia ya zamani ambayo Bwanaheri anaisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, utakaofanyika mwezi ujao. Kwenye tamthilia hiyo kijiji kimepatwa na maradhi. Mzee Mbaruku ana watoto wawili wagonjwa, wa kike na wa kiume, na dawa aliyonayo inamtosha mmoja. Anampa wa kiume. Wa kike anakufa.

Wanafunzi wengi humaliza kumchambua mzee huyo kwa nusu ukurasa. Bwanaheri anakwenda mwezi wa nne sasa na bado hajamalizana naye.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, mke na watoto watatu. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, baba yake alipoumia mgongo na shamba likakosa mtu. Alikuja mjini, akabeba magunia mpaka magoti yakamchoka, ndipo akapewa sindano ya kushonea. Mwaka jana msimamizi wa ghala alimwambia kwamba angefaa kuwa karani wa mizigo, ila kazi hiyo haitolewi bila cheti cha kidato cha nne.

"Nikasema cheti si kitu, nitakitafuta," anasimulia. "Hesabu sikuziogopa. Historia nilijua nitaikariri. Kiswahili ndiyo kabisa, nikaona hilo ni somo la kupumzikia. Mimi nakisema kila siku, nitafeli vipi?"

Alijiandikisha kwenye darasa la jioni la watu wazima, kata ya Magomeni, hapo hapo mjini Mtwara. Huko alikutana na Mwalimu Raheli Mligo, mzaliwa wa Njombe, ambaye amefundisha fasihi Mtwara kwa miaka kumi na minne. Raheli huongea polepole na haachi sentensi njiani.

Siku walipofika kwenye tamthilia hiyo, Raheli aliandika ubaoni neno moja, "Wahusika", akamwita Bwanaheri asimame aeleze tabia za Mzee Mbaruku.

Bwanaheri alisimama. Mkononi alikuwa na kijitabu cha uchambuzi alichokinunua sokoni, na jibu lilikuwamo: Mzee Mbaruku ni baba katili, mbaguzi, mwakilishi wa mfumo dume. Angesoma tu na kukaa. Badala yake alikifunga.

"Mwalimu, naomba kuuliza kwanza. Kama huyu baba ni katili, yule mtoto aliyepewa dawa ni nani?"

"Ni mhusika mdogo," Raheli alimjibu. "Hana maneno mengi. Huyo hatumchambui."

Bwanaheri akakaa. Wenzake wakaendelea na dhamira, wakaendelea na mandhari, yeye hakuandika kitu. Alipofika nyumbani mkewe, Warda, alimuuliza kama anaumwa. Alijibu kwamba hajui.

"Hilo lilikuwa jibu la kweli," anasema. "Nilikuwa sijui. Mimi ndiye mtoto aliyepewa dawa."

Alizaliwa Kitaya, kando ya Mto Ruvuma. Msimu wa mpunga familia ilishuka bondeni na kulala kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ili mtu aone ndege na nguruwe. Mwaka alipokuwa na miaka sita, mama yao alipanda kijijini kwenye msiba. Bondeni walibaki watatu: baba yao Mustafa, Bwanaheri, na dada yake Hawa aliyekuwa na miaka kumi.

Mvua ilinyesha mbali juu, bondeni wakaona mawingu tu. Asubuhi waliamka maji yakiwa yamefika kwenye ngazi ya dungu. Kabla uji haujaiva yalikuwa yamefunika ngazi yote. Baba alikuwa na mtumbwi mdogo wa kuvulia.

Anachokumbuka Bwanaheri ni kichache. Anakumbuka amelala kifudifudi ndani ya mtumbwi, mdomo kwenye maji ya matope yaliyokuwa yakiingia. Anakumbuka akinyanyua kichwa na kumwona Hawa amesimama kwenye dungu, kashika nguzo. Halafu anakumbuka ardhi kavu na watu wengi, na baba akirudi na mtumbwi mtupu.

Dungu lilikuwa limeondoka.

Kwa wiki tatu Hawa aliombewa kama marehemu. Kisha akarudi, akiwa na gauni la mtu mwingine, amesindikizwa na wavuvi wa upande wa Msumbiji waliomwopoa kwenye mti. Kitaya nzima ilifurahi. Nyumbani, Bwanaheri anasema, furaha ilikuwepo, lakini hakuna aliyewahi kulizungumza jambo hilo. Hawa alikua, akaolewa Mikindani, akaondoka. Humtumia baba yao unga na nguo kila Idd. Kwenda mwenyewe haendi.

"Nimeishi na hilo bila kuliita jina," anasema. "Ghafla mwalimu ananiambia niliite. Katili. Mbaguzi. Na mimi ni mhusika mdogo."

Kwenye jaribio la kwanza aliandika kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza Mzee Mbaruku alikuwa katili, wa pili alikuwa baba aliyebanwa, wa tatu alikuwa katili tena. Raheli alimpa alama nne kati ya ishirini.

"Nilimwita pembeni," anakumbuka mwalimu huyo. "Nikamwambia, Bwanaheri, mtahini anataka msimamo. Chagua upande mmoja, utetee. Akanisimulia habari za mto. Nilikaa pale nikiwa na kalamu nyekundu, sijui niifanyie nini. Miaka yote hiyo nimewaambia vijana kwamba Mbaruku ni mbaya, na sikuwahi kujiuliza kama darasani kuna mtoto wake."

Raheli hakumpa jibu. Alimkumbusha tu anachowafundisha wote: mhusika hujulikana kwa anachotenda, kwa anachosema mwenyewe, na kwa yale wengine wanayomsema. "Kwa Mbaruku vyote vitatu vimo kitabuni," alimwambia. "Kwa baba yako, wewe una kimoja tu."

Ndiyo maana, mwezi Agosti, Bwanaheri aliomba ruhusa kazini akapanda gari la Kitaya.

Alimkuta Mustafa uani, anachonga mpini wa jembe. Mgongo umempinda, lakini mikono bado ina nguvu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza kitu cha shule."

Mzee alicheka kidogo. Bwanaheri akauliza moja kwa moja, kwa kuwa alijua akizunguka atarudi mjini bila kuuliza. Siku ile ya maji, kwa nini mimi?

Mustafa aligeuza mpini, akachonga upande wa pili. Kisha akasema, "Nilichagua. Wewe ulikuwa wa kiume, na sikuwa na mwingine. Hawa alilia, akaning'ang'ania shati, nikamtoa mkono. Ndivyo ilivyokuwa. Kaandike hivyo."

"Nilirudi mjini nikiwa nimepata msimamo," Bwanaheri anasema. "Uliniuma, lakini ulikuwa msimamo. Nilitaka nianze kuandika siku hiyo hiyo. Nikajiambia hapana, nikamwone dada kwanza. Nimwombe radhi."

Hawa alikuwa jikoni kwake Mikindani, anakuna nazi. Alimsikiliza mdogo wake huku mikono ikiendelea na kazi. Bwanaheri hakumwambia aliyoyasema baba. Alimwambia tu kwamba anasikitika kwa siku ile, kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa.

"Nani kakuambia baba alikuchagua?" Hawa aliuliza. "Mimi ndiye niliyemwambia baba akuchukue. Alitaka kunipandisha mimi. Nikamwambia mtoto atatumbukia, mimi najua kushika mti. Mpeleke huyu, urudi."

"Hukulia?"

"Nilie nini? Nilikuwa namtazama mamba yuko wapi."

Bwanaheri alitoka pale hajui akanyage wapi. Baba anasema msichana alilia na kumshika shati. Msichana mwenyewe anasema hakulia na kwamba safari ile aliipanga yeye. Mmoja kati yao hasemi kweli, na kila mmoja amejitwisha mzigo mzito kuliko ule ambao mwenzake angempa.

"Zuberi aliniambia baba amesahau, ni uzee. Warda akasema dada anasitiri. Ukinisikiliza asubuhi namwamini baba, ukija mchana namwamini dada," anasema, akiuma uzi wa katani kwa meno. "Mimi nilikuwemo kwenye mtumbwi na sijui lolote. Nilikuwa nimelala kifudifudi."

Alipoyapeleka haya yote darasani, Raheli naye alichanganyikiwa na hakuficha. Alikaa kwenye dawati la mbele, akafikiri, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliuliza.

"Ule mtumbwi ulikuwa na ukubwa gani?"

Bwanaheri akanyoosha mikono kuonyesha. Akaikunja tena. Ulikuwa wa mtu mmoja na nyavu zake. Akiwa ndani na baba yake tu, maji yalikuwa yakimwingia mdomoni.

"Basi anza hapo," Raheli alimwambia. "Acha tabia kwanza. Anza na mandhari. Niambie maji yalifika wapi na dawa ilikuwa kiasi gani, halafu ndipo umlete baba."

Aliandika upya. Insha yake ya pili inaanza na kijiji chenye maradhi na chupa ya dawa iliyobaki robo, na Mzee Mbaruku haonekani mpaka aya ya tatu. Mwishoni Bwanaheri anasema mzee huyo alifanya ubaguzi, anataja mistari inayothibitisha, kisha anaongeza kwamba tamthilia imemnyima sauti mtoto aliyepona, na kwamba msomaji hawezi kumjua baba vizuri bila kumsikia huyo. Raheli alimpa alama kumi na tatu.

"Sijui mtahini atampa ngapi," anakiri. "Mwongozo wa kusahihisha hauna nafasi ya hoja kama ile. Nimemwambia ukweli huo."

Bwanaheri anasema ataiandika hivyo hivyo. Akifaulu, ataomba ukarani kabla msimu wa korosho haujaisha. Akifeli, atarudia mwakani.

Lakini kuna jambo jingine analolipangia, na analisema kwa sauti ya chini kuliko lile la cheti. Wiki iliyopita alirudi Mikindani, akamweleza Hawa neno kwa neno maelezo ya baba: shati, kilio, mkono uliotolewa.

Hawa aliacha alichokuwa akifanya.

"Baba kasema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Miaka yote hii ndivyo anavyosema?"

"Sijui. Ni mara ya kwanza kumuuliza."

Dada yake alinawa mikono, akaifuta kwenye kanga, akakaa. Kisha akasema, "Mlete. Mimi nitapika."

Mtihani ukiisha, Bwanaheri atakwenda Kitaya kumchukua Mustafa. Mzee amekwisha kubali, ingawa ameuliza mara mbili kama Hawa mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Sitawauliza nani anadanganya," anasema. "Nitawakalisha chumba kimoja, nitawakaribisha chai, halafu mimi nitatoka nje."

Anafunga fundo la mwisho, anakata uzi, na kuvuta gunia jingine.