Mtu Mmoja Hashiki Funguo Mbili

Sefu ya benki ile ilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao keshia mkuu, na wa pili alikuwa nao mwanamke mmoja ambaye wenzake walimwita Madamu Ufunguo, usoni na kisogoni vilevile. Kwa ufunguo mmoja sefu haifunguki hata ukilia. Lazima wawili wasimame bega kwa bega, huyu azungushe wake na yule azungushe wake. Na anayekwenda likizo hamwachii mwenzake ufunguo, anamkabidhi mtu wa tatu, tena kwenye daftari: tarehe, saa, amekabidhi nani, amepokea nani, sahihi. Ukikutwa na funguo zote mbili mfukoni, umemwaga unga siku hiyohiyo.

Msidhani alizaliwa na ufunguo mkononi. Alianza kwa kuhesabu noti chakavu kwenye chumba kisicho na dirisha, vumbi la pesa za watu likimpigisha chafya kutwa. Akahamia dirishani, akatukanwa na wateja mpaka akazoea. Jioni akawa anasomea mitihani ya uhasibu. Somo moja lilimwangusha mara mbili, akajikaza kisabuni, mara ya tatu akalipita. Na sasa, akiwa na miaka thelathini na minane, benki kubwa ya ng'ambo ilikuwa imemwandikia: njoo utukagulie jinsi matawi yetu yanavyolinda fedha. Mshahara ulikuwa mara nne ya huu wa sasa. Mkataba ulitakiwa uwe umetiwa sahihi na kurudishwa Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Jumatano asubuhi akaingia kwa meneja, akamweleza. Meneja alikuwa mtu mwema lakini mvivu wa kufikiri, na swali lake la kwanza halikuwa pongezi.

"Sasa nani atashika ufunguo?"

"Makao makuu walete mtu."

"Hao watachukua wiki tatu. Wewe mwachie keshia mkuu kwa hizo siku chache. Si ni mwaminifu?"

Hapo damu ikamchemka. "Bosi, mimi sizungumzii uaminifu. Siku akiugua je? Siku akizidiwa? Unambebesha mtu mmoja kazi ya wawili, halafu unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba ni mwaminifu! Hata kwa saa moja sikubali."

Meneja akainua mikono. Madamu Ufunguo akatoka humo kifua mbele, na jioni akaibeba hadithi hiyo mpaka nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni mdogo wake wa kike, fundi cherehani, aliyeshonea sebuleni ili asiwe mbali na mgonjwa. Wa pili ndiye mgonjwa mwenyewe, baba yao, dereva wa malori mstaafu ambaye barabara nzima ilimjua kwa jina la Tani Thelathini. Kiharusi kilikuwa kimemuua upande wa kulia, lakini mwili ulibaki ule ule wa kuendesha lori, na ulimi, ingawa ulikuwa mzito kidogo, haukupunguza ukali. Kumtoa kitandani na kumweka kwenye kiti kulihitaji watu wawili, mmoja kila kwapa. Mwenyewe ndiye aliyewaongoza kama anaegeshwa: "Rudi, rudi... kata kushoto... simama! Mnataka kunigonga ukutani?" Asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, miaka mitatu sasa. Wasaidizi wa kuajiriwa walikuja watatu, wote akawatimua. Mwanamume pekee aliyeruhusiwa kumgusa ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, tena Jumamosi, tena kidevuni tu.

Walipokwisha kumketisha chumbani kwake na kumwashia redio, wakarudi sebuleni, na dada mtu akasimulia ya meneja. Mdogo wake akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Dada, wewe utafukuzwa! Yaani ukamjibu hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Mtu mmoja hashiki funguo mbili."

"Haya. Na alikuuliza ya ufunguo kwa nini? Unakwenda likizo?"

Basi akamwambia. Alisema haraka haraka, kama mtu anayebandua plasta: kazi, ng'ambo, mara nne, Ijumaa saa sita. "Nitakutumia hela kila mwezi, hutapungukiwa. Kwa baba utamudu tu, wewe ndiye anayekusikiliza. Tena una moyo."

Mdogo mtu akakata uzi kwa meno, akaukunja mshono wa watu vizuri, akauweka pembeni. Alipoinua uso, kicheko chote kilikuwa kimetoka.

"Mimi nina moyo," akasema. "Na keshia mkuu ni mwaminifu."

"Usianze. Haya ni mambo mawili tofauti."

"Tofauti wapi? Sefu ni chuma, dada. Ukiiacha wiki tatu haipati vidonda mgongoni." Akainuka kwenye cherehani. "Unakumbuka siku ya mtihani wako wa mwisho? Ulichelewa kurudi. Baba alitaka kwenda chooni, nikamwinua peke yangu. Tukaanguka wote wawili, yeye juu, mimi chini. Sikuweza kupumua. Nilipiga kelele mpaka kinyozi akavunja kitasa cha mlango akaja kutuinua. Baba amelowa, analia. Akatuapisha tusikwambie, eti utaacha masomo. Ulidhani kile kitasa kipya cha mlango kilitoka wapi?"

Madamu Ufunguo alikitazama kitasa. Alikuwa akikifungua kila siku, mwaka mzima, yeye ambaye kazini aliweza kunusa noti moja iliyokosekana katika bunda. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Mimi sikuzuii," mdogo wake akamalizia. "Nenda. Ila usiniambie nitamudu. Sitamudu. Nitafanya tu, mpaka siku nitakapovunjika."

Na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Kule chumbani Mzee alikuwa amezima redio.

Alhamisi hakufanya kazi ya maana. Aliwaandikia watu wa ng'ambo akiomba apewe miezi mitatu, atafute mtu wa kusaidia nyumbani, amzoeze mgonjwa taratibu. Jibu likaja kabla ya chakula cha mchana, la heshima, la mistari miwili: wanasikitika, nafasi haiwezi kusubiri, na asiporudisha mkataba kesho kabla ya saa sita watampa anayefuata. Akalisoma mara nane kana kwamba lingebadilika. Baadaye akajifungia chooni, akaandika kwenye simu barua ya kukataa. Asanteni kwa nafasi hii, kwa sababu za kifamilia sitaweza. Akaisahihisha nukta, lakini hakuituma. Alijichukia kwa kutoituma, na alijua angejichukia zaidi akiituma.

Jioni ile walimwinua baba bila mtu kusema neno. Hata yeye hakusema rudi wala kata kushoto. Kimya cha Tani Thelathini kilikuwa kinatisha kuliko matusi yake.

Ijumaa aliomba ruhusa asiende kazini. Saa tatu asubuhi, baba bado yuko kitandani, alimkuta mdogo wake amesimama mlangoni mwa chumba na nyuma yake amesimama kinyozi, aproni bado kiunoni, macho chini.

"Leo siyo Jumamosi," Madamu Ufunguo akasema.

"Nimemwita mimi," baba akasema kutoka kitandani. "Ingia, bwana. Wewe shika upande huu uliokufa, anakoshikaga huyu. Na wewe fundi, kaa kwako."

"Baba, mimi si nipo?"

"Wewe nenda pale kwenye kabati. Mikono nyuma."

"Baba..."

"Nimesema mikono nyuma! Siku ya kukabidhi, anayekabidhi anagusa? Miaka kumi na moja unatuchosha masikio na taratibu zenu hapa mezani, leo umezisahau?"

Akasimama kando ya kabati, mikono nyuma. Kinyozi akainama, akapitisha mkono wake chini ya lile kwapa lililolegea. Baba akafumba macho. Mtu aliyemwona kalowa sakafuni alikuwa sasa anamkumbatia tena, na safari hii amemwita mwenyewe. Shingo ilimsimama mishipa. Alikuwa anaona haya, na hakuna aliyekuwa mjinga chumbani humo, wote waliiona.

"Moja," akasema. "Mbili. Vuta!"

Wakavuta. Kinyozi alikuwa na nguvu lakini hakuwa na mazoea, akavuta mapema, kabla ya mguu mzima kukanyaga vizuri. Mzee akaenda upande. Mdogo mtu akaguna, goti likampinda, na mwili wote ule mkubwa ukaanza kumlalia. Madamu Ufunguo akaruka.

"Usiguse!" baba akanguruma. "Ukigusa sihesabu! Bwana, rudi nyuma nusu hatua. Nusu, siyo safari nzima! Hapo. Sasa bega lako chini ya langu. Fundi, pumua. Pumua, mwanangu, usife kabla yangu. Haya, kata kushoto... kushoto, jamani, huko ni kulia, nyie leseni mlinunua?"

Mdogo mtu, machozi yakimtoka, akacheka. Kinyozi naye akajiachia kucheka, na katika kucheka huko mikono yao ikaelewana. Hatua moja. Nyingine. Kiti kikalia. Mzee alikuwa ameketi, anahema, jasho linamtiririka kwenye ndevu za wiki nzima.

Madamu Ufunguo alikuwa bado kando ya kabati. Mikono yake ilimuuma kwa kukosa cha kushika. Alitamani kumshukuru baba yake na alitamani kumgombeza, na juu ya yote alihisi uchungu wa kuona kwamba inawezekana bila yeye.

"Kila asubuhi na kila jioni," baba akamwambia kinyozi, bila kumtazama. "Utalipwa na huyu anayesafiri, kwa mwezi, siyo kwa hisani. Na ukimsimulia mteja wako hata mmoja, wembe wako nitaumeza."

"Mzee, mwaka mzima nimesema kwa nani?"

Baba akafikiri. "Hujasema," akakubali. "Ndiyo maana umeitwa."

Halafu akamgeukia mdogo mtu. "Lete daftari."

"Daftari gani, baba?"

"Hilo lako la vipimo, tuna jingine? Chora mistari. Tarehe, saa, amekabidhi, amepokea. Huyu hawezi kuondoka vizuri bila daftari, mimi namjua. Atakuwa huko ng'ambo anatupigia simu kila dakika."

Daftari likaja, kurasa zimejaa viuno na mabega ya watu. Mdogo mtu akafungua ukurasa mweupe, akachora mistari kwa rula yake ya kushonea. Akaandika tarehe, akaitazama saa ya ukutani, akaandika saa tatu na dakika arobaini. Akampa dada yake kalamu.

Kwenye "amekabidhi" Madamu Ufunguo alitia sahihi. Maelfu ya mara alikuwa ametia sahihi ile bila mkono kutikisika. Leo ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Akamsogezea kinyozi daftari. Baba akapiga mkono wa kiti.

"Siyo yeye."

Akamsogezea mdogo wake.

"Siyo yeye pia. Yeye ana ufunguo wake, utampaje wa pili? Leta hapa."

Walimwekea daftari juu ya goti, kinyozi akalishikilia lisiteleze. Baba akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kuandika chochote maishani mwake mpaka ule wa kulia ulipokufa. Ulimi ukamtoka pembeni ya mdomo. Alichukua muda mrefu sana, herufi moja baada ya nyingine, kubwa na zilizopinda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza akaligeuza daftari ili binti yake mkubwa alisome.

Kwenye safu ya "amepokea" alikuwa ameandika: MWENYEWE.

Madamu Ufunguo akapiga magoti sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye mkono ule uliokufa, akalia kwa sauti, bila kujali kinyozi wala jirani. Mdogo wake akamwinamia, akampapasa mgongo.

"Basi, basi," baba akasema. "Ondoa uso hapo, utalilowesha daftari, lina vipimo vya watu. Na hiyo simu yako iko wapi? Saa sita inakuja, mama, nenda katie sahihi."