Sipiyu Niliyoipandisha Nkoaranga kwa Shuka Jeupe

Jamani, kuna aibu za kusimulia huku ukicheka na kuna hii yangu, ambayo nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu bafuni nainamisha uso, na mimi ni mtu wa maneno mengi, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu kumzidi mwalimu, lakini siku ile maneno yalinikimbia yote.

Kisa ni kompyuta ya mezani, yenyewe kama mzee mstaafu wa ofisi fulani (ukiiwasha unaweza kwenda kunyoa ukarudi ndiyo inafunguka), ambayo nilitaka icheze gemu za mpira za siku hizi. Nikaiongezea ram ya mtumba, nikatafuta kadi ya picha iliyokwisha kutumika, ile inayofanya wachezaji wakimbie badala ya kurukaruka kama panzi, na gemu likakubali, ila kwenye chumba changu cha Sombetini mjini, bati tupu bila dari, sipiyu, lile boksi lenyewe la kompyuta, ilikuwa inachemka mpaka inajizima, ungeweza kuikaangia yai. Fundi akashauri ninunue feni kubwa. Mfuko ukakataa. Nikajiona nina akili kumshinda: kule mlimani Nkoaranga baridi ni ya bure, kwa nini ninunue upepo?

Shida ilikuwa moja. Mke wangu Naomi alikuwa huko huko Nkoaranga kwa mama yangu, mimba yetu ya kwanza imetimia, ameenda akae karibu na hospitali, na mimi nilishamwapia kwamba mambo ya gemu basi, sinunui hata waya mpaka mtoto azaliwe. Kwa hiyo mpango ulikuwa kuipenyeza sipiyu kimya kimya kwenye stoo ya kahawa nyuma ya nyumba, skrini ningeifuata baadaye.

Bodaboda akanishusha karibu na hospitali, akasema kwa utelezi ule yeye hapandi. Manyunyu yanadondoka, sipiyu nimeifunga shuka jeupe isilowe, na fundi alishanionya kwamba ile kadi ni nzito, skrubu yake haipo, ameifunga kwa kamba, hivyo niibebe kwa kuilaza na nisiitikise. Sasa nioneni: mwanamume anatokea upande wa hospitali, maji yanamtiririka usoni, mikononi ana kitu kirefu ndani ya shuka jeupe, anatembea hatua za taratibu.

Wa kwanza kunikuta ni Mama Anaeli, jirani yetu, na mzigo wake wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

Akatua majani, akaliangalia shuka, akaniangalia mimi. "Zablon, mwanangu. Pole. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Hapo ndipo. Ningesema "hii ni kompyuta, mama" mambo yangeishia pale. Lakini Mama Anaeli akishajua jambo mlima mzima umejua, Naomi angepata habari kabla sijafika, basi nikatazama chini nikasema, "Acha tu, mama." Akavua kanga yake mabegani, akaifunika juu ya shuka, akanifuata nyuma akilia.

Mbele kidogo tukamkuta Mzee Elirehema, mzee wa kanisa. Akavua kofia. "Naomi anaendeleaje?"

"Yuko salama, mzee," nikajibu, na huo ndio ukweli pekee niliousema siku ile.

"Mungu ni mwema. Lete, baba habebi peke yake." Akashika upande mmoja, akaguna. "Mbona mzito hivi?"

"Si alikuwa ametimia," Mama Anaeli akamnong'oneza.

Mzee akaanzisha wimbo. Kila kijia tulichopita kilitoa watu, tukawa kama mia nne (haya, ishirini), wengine tayari na kuni za msiba begani. Kwenye njia ya stoo nikajaribu kukata kona, mzee akanishika mkono akawaambia wenzake, "Huzuni imempoteza hata kwao."

Tukaingia uani tukiimba. Na Naomi yule pale, kwenye kigoda, anamenya ndizi, tumbo limemtangulia.

Wimbo ukafa katikati ya ubeti. Mama Anaeli akaliangalia tumbo, akaliangalia shuka.

"Naomi, hujajifungua?"

"Bado, mama. Kuna nini?" Kisha akaona nilichobeba, na niliona akipiga hesabu ambayo wote walikuwa wanaipiga. Akasema polepole, "Zablon, huyo mtoto ni wa nani?"

"Tuingie ndani nikueleze."

"Mliimba njia nzima, utanielezea ndani? Fungua hapa."

Nikafungua. Mzee Elirehema akavaa miwani, akainama, akagusa ile kamba. "Hii ni nini?"

"Kompyuta, mzee."

"Ya kazi gani?"

"Ya gemu. Mpira."

Hakuna aliyecheka, na laiti wangecheka. Mama Anaeli amezika watoto wawili, mimi mwenyewe nilichimba kaburi la wa pili. Akachukua kanga yake, akaikung'uta, akasema, "Mimi nimelia, Zablon," akaondoka.

Naomi aliendelea kumenya ndizi mpaka watu walipoisha na kuni zao. "Ungekuja na hilo likompyuta lako mchana kweupe, ningenuna siku moja," akasema. "Sasa mtu akija kuniambia umezaa nje, nitamjibu nini? Nimeshakaa dakika nzima nikiamini."

Asubuhi nilikwenda kwa Mama Anaeli. Alikuwa anakamua. Nikamwaga ombi langu lote la msamaha, refu kama hotuba ya mahafali, naye akasema, "Nimekusikia," akaendelea kukamua, nikabaki nimesimama mpaka ndoo ikajaa, nikamsaidia kuibeba, hakunikataza.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Sipiyu iko stoo hadi leo, haijawashwa. Baridi ninayo yote, hamu ndiyo imekwisha. Na siku hizi mtu akinipa pole namsimamisha hapo hapo, hata kama nachechemea, namuuliza kwanza ananipa ya nini, maana ile ya Mama Anaeli niliipokea ilhali haikuwa yangu na mpaka leo sijui namna ya kuirudisha.