Cherehani Imenuna

Mama Pindo, fundi cherehani aliyejulikana mtaa mzima kwa kushona pindo usione uzi umepita wapi, alianza kusoma Kiingereza mvi zikiwa zimemjaa kichwani. Sababu ilikuwa mjukuu wake. Binti yake aliolewa ughaibuni, na yule mtoto hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila Jumapili bibi na mjukuu walitazamana kwenye simu, wakachekeana, basi.

Darasani mwalimu akawapa kazi ya kutunga sentensi za kupenda, kuchukia na kutaka. Mama Pindo akaandika kwamba cherehani yake inachukia uzi wa nailoni, mlango wake hautaki mvua, na kiti alichokuwa akikalia marehemu mumewe kinamkumbuka. Daftari likarudi limejaa wino mwekundu.

"Mama yangu, Kiingereza cha mtihani hakikubali hivi," mwalimu alimweleza taratibu. "Anayependa ni mtu, au mnyama. Kiti hakina moyo."

"Sasa nani anamkumbuka mzee?"

"Wewe, mama. Andika 'mimi'."

Akaandika. Alipotakiwa kuisoma kwa sauti, alifunga daftari.

Jumapili akamsomea mjukuu sentensi zake zilizonyooka: yeye mzima, hali ya hewa nzuri. Mtoto akaitikia ndiyo, ndiyo, macho yakiwa kwenye katuni.

Jumapili iliyofuata simu ilimkuta kazini, uzi umekatika tena. Hasira zikampanda, sarufi yote ikamruka. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akamwambia mtoto kuwa cherehani imenuna, haitaki kazi.

Mtoto akasogea mpaka pua ikajaza kioo cha simu. "Imenunia nini, Bibi?"

"Hii? Inapenda kubembelezwa tu!"

Wakaongea hadi binti akaja kuchungulia kulikoni. Mjukuu akasema friji lao nalo linalalamika kutwa, akakimbia na simu jikoni, akaibandika kwenye mlango wa friji ili bibi asikie mwenyewe.

Mama Pindo akatoa pini mdomoni, akautegea sikio ule mngurumo.

"Lina huzuni hilo," akasema kwa Kiingereza, ila neno la mwisho likamtoka kwa Kiswahili. "Liambie pole."

"Pole," mtoto akaliambia friji, kwa Kiswahili safi kabisa.