Chikanda Kisichokuwa na Vipimo

Nina vitabu vya mapishi kumi na kimoja, na ninavidharau vyote. Viko juu ya kabati la vyombo sebuleni kwangu hapa Tunduma, vimepangwa kwa urefu, na mgeni akiingia huvitupia macho kabla hajakaa. Kimoja kilitoka kwenye robota la mitumba, kimejichanganya na makoti ya watoto. Kingine nilikinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, kwa mama muuza karanga aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. Nilipomkuta, supu zote zilikuwa zimeshaondoka na wateja, kwa hiyo kitabu changu kinaanzia kwenye samaki.

Vitabu hivi vimeandikwa na watu wasiojua shida. Washa oveni nusu saa kabla, kinasema kimoja, na mwandishi wake hajawahi kupuliza mkaa uliolowa. Kingine kinamtaka mke mwema apambe sahani kwa jani ambalo halijawahi kushushwa katika soko lolote la mkoa wa Songwe. Karibu vyote vinaandika kwamba mlo huu ni wa watu wanne. Watu wanne wa wapi? Kwetu ukikaanga kitunguu tu, wameshafika tisa, na wa kumi anabisha hodi.

Hata hivyo raha yake siifichi. Jumamosi mchana hutandika mkeka, nikajilaza na kitabu kimoja, nikakisoma kama wenzangu wanavyosoma hadithi za mapenzi. Nikiinuka, hupika. Keki naioka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, na mara nyingi inatoka nyeusi pembeni na mbichi katikati. Naila hivyo hivyo. Ninachokipenda si keki. Napenda kujiona mtu anayejua keki inavyotakiwa kuwa, na majirani zangu hawajui.

Mwaka juzi akina mama wa kanisani kwetu waliamua kuchapa kitabu chao cha mapishi. Kila mmoja alitakiwa kuleta pishi moja la nyumbani kwake, ili watu waone na sisi wa mkoa huu tuna chetu. Mimi wakanifanya katibu, kwa kuwa ni mwalimu, nina kompyuta, na nina vile vitabu. Wiki hiyo hiyo wakaanza kuja kuviazima. Nilidhani wamepata hamu ya kusoma.

Karatasi zilipofika nilicheka peke yangu. Hawa ni wanawake waliolelewa Mbozi katika mahindi na kahawa, waliokula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga tangu walipoota meno. Hakuna hata mmoja aliyeandika maboga. Waliandika makaroni ya jibini. Waliandika saladi ya matufaha, na sijui tufaha walilionea wapi zaidi ya kwenye picha. Mmoja, mzaliwa wa milima ya Ileje, anayepikia mafiga matatu na hana haja na zaidi, alileta keki ya ndizi aliyoinakili kwa uaminifu mkubwa kutoka kitabu changu, mpaka na maneno yaliyoko mwisho: tazama picha, ukurasa wa 46. Kitabu chetu chote kilikuwa hakifiki kurasa arobaini.

Niliyafuta yale maneno, nikaipitisha keki.

Karatasi moja tu ilikuwa tofauti, na hiyo niliileta mimi mwenyewe. Ilikuwa ya mama yangu. Anaishi Mpemba, pale nje kidogo ya Tunduma, na aliposikia habari za kitabu hakuuliza mara mbili. Alikaa na kalamu jioni nzima akaandika chikanda, kurasa mbili za daftari, mbele na nyuma. Chikanda ni mizizi midogo inayochimbwa kwenye mabonde, ikakaushwa na kutwangwa. Unga wake huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, ukapikwa mpaka ugande, halafu ukakatwa vipande kama mkate. Mama yangu alikiuza miaka mingi pale mpakani, kwenye beseni lililofunikwa kitenge, akiwaamkia Wazambia kwa "Mulishani" kabla hawajamwona. Chikanda hicho ndicho kilichonivalisha sare na kunifikisha chuo cha ualimu.

"Usiwaache wakikate," aliniambia akinikabidhi. "Waandike chote."

Nilisoma njiani, ndani ya bajaji. Chukua unga wa kutosha, ameandika. Karanga zisiuzidi unga wala zisionewe. Pilipili kadiri ya watu wako. Koroga mpaka mwiko ukatae. Nikakunja karatasi haraka, kama vile abiria mwenzangu angeweza kuiona.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wetu, mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke anayepikia gesi mlango ukiwa wazi ili wapita njia wajue. Tulikuwa tumekubaliana majina yasisomwe, pasiwe na upendeleo. Mwenyekiti alisoma makaroni, wakaitikia. Akasoma keki, wakaitikia. Alipofika kwenye karatasi ya mama yangu aliishika kwa ncha za vidole viwili.

"Hiki si chakula cha ng'ambo hiki?" alisema. "Cha kwenye mabeseni? Jamani, tutachekwa." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye vitabu. Unasemaje?"

Wote waliokuwa mle ndani wamekula chikanda. Mwenyekiti mwenyewe nilimwona udogoni akila cha beseni la mama yangu, amechuchumaa, akilamba vidole. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kusema hiki ndicho chakula pekee katika karatasi hizi ambacho mwandishi wake amewahi kukipika. Niliwadharau wale wanawake tangu karatasi ya kwanza, na nilikuwa na haki ya kuwadharau, mpaka dakika ile.

"Hakina vipimo," nikasema. "Hatuwezi kuchapa pishi lisilo na vipimo."

Wakaafiki. Ikawekwa pembeni, na mpaka kikao kinafungwa ilikuwa peke yake huko pembeni.

Mizani ya jikoni ninayo. Ningeenda Mpemba Jumamosi moja, nikapima kila alichokitia, na jioni vipimo vingekuwepo. Sikwenda kwa sababu niliona aibu, wala haikuwa aibu ya vipimo.

Kitabu kilichapwa Mbeya, chenye jalada la kung'aa na picha ya keki ambayo haikuokwa na yeyote kati yetu. Mama alikuwa ameshawaambia wenzake wote sokoni kwamba chikanda chake kinaandikwa kitabuni. Kila Jumapili aliniuliza kama kimefika, na kila Jumapili nilimjibu bado, hata kilipokuwa na mwezi mzima tangu kifike. Mwishowe nikampelekea, nikiwa nimejipangia la kusema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndicho hicho?"

Alinawa mikono, akaifuta kwa khanga, akavaa miwani. Alisoma kama anavyosoma Biblia, kidole kikifuata mstari, akilowesha kidole gumba kila anapofunua. Makaroni hayakumshangaza. Kwenye keki ya ndizi alitulia kidogo, akaendelea. Alifika kwenye jalada la nyuma, akarudi mwanzo, akapita tena kurasa zote polepole zaidi.

Kisha akaanza kuzisugua kurasa za mwisho kwa vidole, moja moja, akizisikiliza.

"Hawa wachapaji wametia gundi nyingi," alisema. "Kuna kurasa zimeshikana hapa." Akanipa kitabu. "Hebu ziachanishe, mwanangu. Wewe una kucha."

Nilikipokea. Nikaingiza ukucha kati ya keki ya ndizi na biskuti, na mama yangu akavuta kigoda karibu ili aone.