Maksai Wawili Mkononi mwa Muuza Duka

Mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliruhusiwa kuingia Bariadi, chama cha ushirika kiliacha kutukopesha. Maksai wetu walikuwa wamekufa kwa ugonjwa na mvua ilikaribia. Bila maksai, mimi na mama tungelima kwa jembe la mkono, baba akisimamia.

Wakopeshaji wa mjini walitaka nyongeza kila mwezi. Baba akaenda kwa muuza duka mmoja Mwislamu, akamwahidi nyongeza kubwa kuliko yao. Mzee yule alikataa; riba kwake haramu. Ila angeweza kununua maksai mnadani, kisha atuuzie kwa bei ya juu kidogo, tulipe tukivuna. Sharti ni kwamba kabla hajatuuzia wawe mali yake kwelikweli, na hasara ikitokea iwe yake.

Baba, Mkatoliki wa miaka mingi, alimwambia mama hajapata kuona mkopeshaji anayejitafutia hasara.

Siku ya mnada mzee alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Alilipa, akakabidhiwa kamba mbili, akazishika kwa ncha za vidole. Hatukufika mbali. Maksai mwekundu aliona majani ya kabichi kwa mama ntilie, akaenda, mzee akaenda naye. Sufuria ya wali ikapinduka, ya mchuzi ikammwagikia mzee. Mama ntilie alishika kiuno, akauliza ng'ombe wa nani. Watu wote wakamtazama baba.

“Mimi bado sijanunua, mayu,” baba akamwambia mama yule akitabasamu, mikono nyuma.

Mzee alilipa wali, kanzu ikichuruzika mchuzi. Hapo baba akaacha kutabasamu. Nami nilishaliona jembe langu la mkono: bila shaka bei ingepanda, tushindwe kununua.

“Bei ni ileile, ndugu yangu,” mzee akasema. “Wali ule ulikuwa wangu. Ila nunua sasa hivi, kabla hajaona kingine.”

Tulilima. Msimu ulipofika bei ya pamba ikaanguka, na wanunuzi wengine wakatoweka na mizani yao. Majirani waliokopa mjini, madeni yao yalinenepa, ng'ombe wao wakachukuliwa. Deni letu lilibaki pale pale. Mzee alitusubiri hadi mavuno yaliyofuata. Baba alimpelekea mbuzi wa shukrani, akarudishwa naye; deni likiwa bado, zawadi kwa mzee ilifanana na riba.

Siku tuliyomaliza kulipa, mama alimpikia sufuria nzima ya wali. Mzee alisimama nje ya boma, akauliza kwanza kama maksai wamefungwa.