Kitufe cha Kidole Gumba

Nakumbuka siku ile kipanya kipya cha kompyuta kilipotolewa kwenye mfuko wake, mwanangu, na mpaka leo nikishika chenye vitufe vingi uso unaniwaka moto. Nitakusimulia, ingawa kwa haya.

Nilikuwa kijana hapa Kasongo, nikifanya kazi kwenye sekretariati ya Papa Kalonda, nyumba ndogo ambamo watu walileta barua na vitabu vya wanafunzi vipigwe mashine. Kompyuta ilikuwa moja tu. Ilitumia Linux, ule mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadili. Mimi ndiye niliyeuweka, na majivuno niliyokuwa nayo, we! Ungedhani nimeuzaa.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Mama Zaina, mjane wa kutoka Kabambare, mwenye watoto watatu waliokula kwa kazi ile. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekakamaa tangu utotoni, kwa hiyo kipanya alikishika kwa kushoto. Hata hivyo, kwa kuandika alinishinda mbali.

Kipanya kipya kilikuwa na gurudumu la kusogezea ukurasa na vitufe vingi. Gurudumu lilikubali papo hapo; vitufe vya ubavuni vilikaa tu, ukivibonyeza hakuna kitu. Ningeviacha hivyo ningekuwa mtu leo. Lakini kijana na sifa! Nilisoma maelezo siku mbili, nikafungua faili la mipangilio, nikaandika namba ya kila kitufe na kazi yake. Kile cha ubavuni, kinachokaa chini ya kidole gumba, nikakipa kazi ya kufunga dirisha la maandishi kwenye kioo palepale, bila kuuliza kama umehifadhi. Papa Kalonda akapiga makofi. Mama Zaina alikuwa amekwenda Kabambare kwenye matanga. Aliporudi, sikumwambia neno.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, wala sikuarifu.

Juma lile kazi ya Mama Zaina ilipotea mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa kurasa za mwanafunzi aliyetakiwa kuzipeleka kwa walimu wake siku ileile, naye alikuwa amesimama mlangoni akipiga kelele. Mama Zaina akanigeukia, jasho linamtoka.

"Mwanangu, unionyeshe tena namna ya kuhifadhi. Pengine ni mimi nimesahau."

Nikamtazama mkono. Kipanya kile kilitengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukikishika kwa kushoto, kitufe cha kidole gumba kinaangukia chini ya kidole kidogo. Kidole chake kidogo kilikuwa kimekilalia, naye hajui. Nikaelewa yote kwa mara moja. Nikafungua mdomo, na Papa Kalonda akanitangulia.

"Nilisema mimi! Mukono wa kushoto ni wa kuharibu tu. Mama, kazi iko inakushinda. Uende nyumbani."

Nikafunga mdomo. Niliogopa kuchekwa, mwanangu, si zaidi ya hapo. Mama Zaina akakunja kitenge chake, akaniaga kwa heshima, mimi niliye sawa na mtoto wake, akapanda pikipiki kurudi Kabambare. Nami, aibu yangu hiyo, jioni ile nilifuta mistari yangu kwenye faili ili mtu asiione.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikosa usingizi, chakula kikawa majani mdomoni. Mwezi ulipokwisha nilimwambia Papa Kalonda ukweli. Alikuwa amekwisha kumwajiri mwingine. Akanitukana, na nilistahili. Nikapanda pikipiki, njia ile ya matope unayoijua, mpaka Kabambare.

Nilimkuta shambani akichimba muhogo, jembe kwenye mkono uleule wa kushoto. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikaeleza yote, kitufe, faili, kidole kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilipoambiwa niende nyumbani," akasema, "ulikuwa umekwisha kujua?"

"Nilikuwa nimejua, mama."

"Basi kidole changu kilikosa bila kujua. Mulomo wako ulinyamaza ukijua. Mimi nilifikiri akili yangu imekwisha, mwanangu. Nililia kwa ajili ya akili yangu."

Hakunifukuza. Alinipa muhogo wa kubeba, na muhogo ule ulikuwa mzito kuliko matusi yote ya Papa Kalonda. Kazini hakurudi tena.

Mwanangu, wewe unayependa kufungua mashine za watu na kuzipanga upya: kabla hujabadili kitu mnachotumia wengi, tazama kwanza mikono yote inayokishika. Mfumo ule unakuruhusu kuandika ndani ya faili mstari ambao mashine haiusomi, ni wa watu tu. Mimi sasa naandika hapo jina langu na nilichobadili, kila mara. Nawe andika lako. Na ukiona mwenzako anabeba kosa lako, sema palepale, hata sauti ikitetemeka, kwa sababu ukweli wa mwezi ujao haumrudishii mtu kiti chake.

Mungu aupe mkono wako ufundi, na mdomo wako aupe haraka ya kusema "ni mimi". Usije ukapewa muhogo kama ule.