Fainali na Funguo za Kabatini

Mimi nilisoma chuoni tu, chuo cha Kurani, na huko hakuna kusoma kimya. Herufi za skuli kanifunza mjukuu wangu nishakuwa mzee, na kitabu nakisoma kwa sauti, kama juzuu. Usiku wa fainali nilikuwa na hadithi ya mume anayemtia mkewe wazimu makusudi, na asubuhi kitabu kinarudi skuli. Taa nzuri iko ukumbini tu, kwenye televisheni, na wanaume wamejaa.

“Bi mkubwa, soma kimoyomoyo!” mume wangu akanikemea.

“Kimoyomoyo nakuapiza wewe. Kitabu nasoma kwa mdomo.”

Wakaongeza sauti ya mpira, nami nikaongeza yangu. Ilipofika mikwaju ya penalti, kitabuni mke kashafungua kabati la mumewe. Jirani mmoja akapunguza televisheni.

“Kakuta nini, bibi?”

“Funguo zote alizoambiwa kazipoteza yeye.”

“Mwanaharamu!” wakasema wote.

Nikawasomea mpaka mwisho. Tulipoinua vichwa, kombe lishabebwa. Kitabu kikarudi skuli kimekwisha, na barazani kila mmoja akaeleza penalti ya mwisho kwa namna yake, mume wangu kwa namna mbili.